Wachimbaji hodari, ila mkague kompresa yao

Niliwaita watuchimbie visima vitatu vya kupimia maji karibu na tangi la dizeli tuliloshuku linavuja. Viwili vya kwanza walitumia auga, ile parafujo kubwa yenye uwazi katikati. Hapo nawapa heko: haihitaji tope wala maji ya kuchimbia, kwa hiyo udongo ulipanda bila kuchanganywa na kitu kutoka juu. Mita ya 6, harufu ya dizeli ilitupiga hata kabla ya kufungua chupa za sampuli.

Kisima cha tatu kilikutana na mwamba, auga ikagoma. Wakaleta mashine ya hewa na nyundo. Nikauliza kiko wapi kichujio cha kunasa mafuta yanayotoka na hewa ya kompresa, yaani mtambo unaosukuma hiyo hewa kisimani; fundi akacheka, "Bosi, hiyo ni hewa tu." Hewa gani, na sisi tunatafuta mafuta? Nikasimamisha kazi nusu siku hadi kikaletwa.

Kumalizia walikuwa makini: changarawe safi kuzunguka bomba lenye matundu, juu yake bentonaiti, ule udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kuziba, kisha saruji. Wakavuta maji mpaka tope likaisha. Nitawaita tena, lakini kichujio nitakikagua mwenyewe.