Pete ya tanzanaiti kwa sonara wa Arusha: kazi safi, ila uwe na subira

Wadau, nilitengenezewa pete ya uchumba kwa sonara mmoja hapa Arusha mjini na kwa kweli jamaa anajua kazi. Mimi nilitaka jiwe lishikwe na vile vijino vinne kama za mtandaoni, akanikatalia, akasema tanzanaiti ni laini, ugumu wake 6 mpaka 7 tu kwenye kipimo cha Mohs cha 1 mpaka 10, wakati yakuti ni 9, so pete ya kuvaa kila siku bora izungushiwe ukingo wa dhahabu jiwe lote. Nikaishiwa hoja. Halafu akaligeuza kwenye mwanga nikaona bluu, ukiinamisha zambarau, na hakunificha kwamba limechomwa, maana mengi yanatoka machimbo ya Mirerani yakiwa na rangi ya kahawia mpaka yapikwe. Wangapi wanakwambia hivyo? Risiti nilipewa bila kuomba. Shida ni muda bwana, "njoo kesho" zilikuwa nyingi mpaka mchumba akaanza kuhisi kitu, na bei hapunguzi hata ulie. Ukiiosha tumia maji ya uvuguvugu na sabuni tu, zile mashine za kuoshea vito kwa mtetemo kaa nazo mbali, zinapasua jiwe. Nampa nne kwa tano.