Kozi ya besi inayoanza na kuhesabu, slapu baadaye

Nilijiunga na kozi hii ya video ya gitaa la besi kwa ajili ya slapu tu, ule mlio wa gumba unaopasuka kwenye uzi mnene. Masomo manne ya mwanzo hayaigusi kabisa. Unapiga noti moja, uzi wa E ukiwa wazi (bila kubonyezwa), metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika: noti za robo (moja kwa kila pigo), kisha za nane (mbili kwa kila pigo), kisha unanyamaza kwenye pigo la pili na la nne huku ukihesabu kwa sauti. Nilikereka, nikakaribia kuacha.

Somo la tano likanituliza. Mwalimu anaeleza jinsi Larry Graham, mpiga besi Mmarekani, alivyopiga na mama yake bila mpiga dramu, akawa anagonga nyuzi kwa gumba kuziba nafasi ya dramu kubwa na kuzivuta kwa kidole kuziba ya snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali. Kumbe slapu ni dramu iliyohamia kwenye besi! Asiyeweza kuhesabu ataigongea nini?

Kuanzia hapo mafunzo ni mazuri mno. Kamera imesogezwa karibu, unaona kifundo cha mkono kikizunguka kama cha mtu anayefungua kufuli, gumba likigonga uzi pale shingo inapoishia na kuruka papo hapo. Likikawia, sauti inakufa. Kidole cha shahada nacho kinaingia chini ya uzi kwa ncha tu. Mimi nilikuwa nakizamisha hadi kinanasa, na wiki nzima sikujua kwa nini nachelewa. Zoezi lililonikomboa ni la oktava, yaani noti ileile ya chini na ya juu: gumba kwenye E iliyo wazi, shahada ikivuta uzi wa D kwenye freti (kile kipande cha chuma shingoni) ya 2. Nililipiga kila siku dakika 15, polepole.

Kasoro yake ni kubwa, nayo ni mpangilio. Kuzima nyuzi kwa mkono wa kushoto kumewekwa somo la kumi na mbili, ilhali ndiko kunakotenganisha mdundo na kelele. Mpaka nilipofika huko, nyuzi nisizozigusa zilikuwa zinavuma chini ya kila noti. Ukiichukua kozi hii, na mimi nasema ichukue, lifuate somo hilo mara tu umalizapo la tano. Noti zile zilizozimwa, zinazolia "tk" bila sauti kamili, ndizo zilizofanya mdundo wangu uanze kutembea.