Wembe wa Kukunja Umekuwa Butu? Hivi Ndivyo vya Kununua, kwa Mpangilio wa Ubora

Kabla hujatoa hela, shika wembe chini ya taa, makali yakitazama juu. Makali mazima hayaonekani. Ukiona mstari unaometa, hapo ndipo pamekufa. Ukiona mapengo, mkanda wa ngozi wa kunolea peke yake hautatosha.

1. Mkanda wa ngozi. Uanze nao hata kama una jiwe, maana wembe unaovuta ndevu mara nyingi umekosa mkanda tu. Mitumba ya Memorial pale Moshi, au Kilombero kwa walio Arusha, inatosha kabisa. Chagua ngozi halisi, upana kuanzia sentimita 4, isiyo na nakshi wala mshono katikati. Tazama ncha iliyokatwa: ngozi ina nyuzinyuzi, feki inaonyesha kitambaa kilichobandikwa plastiki. Funga kwenye kitasa, uvute ukaze. Mgongo wa wembe utangulie, makali yafuate; ukifika mwisho, geuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo. Kwa kuwa wembe ni mrefu kuliko upana wa mkanda, vuta kwa mshazari ili makali yote yaguse. Mara 30 hadi 50 kwenda na kurudi. Mkanda ukilegea, unayaviringa makali na kazi yote inapotea.

2. Jiwe la pande mbili, 1000/6000 (namba ikipanda, chembe za jiwe ni laini zaidi). Hili mara nyingi ni la kuagiza. Kinoo cha kijivu cha kunolea panga, kinachouzwa kwenye maduka ya vifaa, kinakwaruza mno. Loweka upande wa 1000 dakika 10. Laza wembe mpaka mgongo na makali viguse jiwe kwa pamoja, kwani mgongo ndio unaopanga pembe. Hapa makali ndiyo yanatangulia, kinyume cha mkanda, na mkono uwe mwepesi. Paka makali wino wa maka, pitisha mara moja: wino ukibaki mahali, jiwe halijafika hapo. Ukiisha wote pande zote mbili, endelea hadi mstari ule unaometa utoweke, hamia 6000, kisha mkanda. Jiwe likibonyea katikati, lisawazishe kwa msasa wa maji namba 220 juu ya kioo.

3. Msasa wa maji juu ya kipande cha kioo. Ni rahisi na unapatikana kwenye maduka ya rangi za magari. Ila namba zake zisikudanganye. Msasa wa 2000 una chembe za takriban mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), karibu na jiwe la 1000. Jiwe la 8000 liko chini ya mikroni 2. Ukiishia kwenye msasa, uso utawaka moto. Malizia kwa mkanda wa pili uliopakwa dawa ya kijani ya kung'arishia chuma. Na juu ya msasa mgongo utangulie, la sivyo makali yatachana karatasi.

4. Fundi wa jiwe la umeme. Usimpe. Ukingo ni mwembamba mno, unapata moto kwa sekunde. Ukibadilika kuwa bluu, chuma kimelainika na makali hayatakaa tena.

Vinyozi: kwa wateja tumieni kishikio cha bladi za kubadilisha, bladi mpya kwa kila kichwa. Wembe wa kunoa ni wa mtu mmoja, kwa sababu damu kidogo tu hubeba homa ya ini na VVU.

Ukimaliza kunyoa, kausha na upake tone la mafuta ya cherehani.