Ustawi wa jamii, Moshi: faili moja, maafisa wawili

Nimehudumiwa na ofisi moja ya ustawi wa jamii hapa Moshi kwa miezi kumi na minne kuhusu mpwa wangu wa miaka tisa, aliyefiwa na mama yake. Huduma haina malipo. Ukienda, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya mwenyekiti.

Afisa wa kwanza alituita ofisini mara tano, akajaza fomu huku mtoto akisikia kila neno kutoka kwenye benchi la nje, kisha akapendekeza apelekwe makao ya watoto, bila kufika Kibosho wala kumuuliza bibi aliyekuwa akimlea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na naamini afisa huyo alidhani anayatanguliza. Mtoto akanyamaza, akatoroka mara mbili, na mara zote tulimkuta stendi.

Afisa aliyerithi faili alikuja nyumbani siku ya Jumamosi kwa bodaboda, akaketi jikoni na kuchambua maharage pamoja na mtoto, kalamu ikiwa mfukoni. Kabla ungo haujaisha tulijua kwamba mtoto hakuwa anamkimbia mtu: alikuwa akitafuta basi la Arusha, alikopelekwa mdogo wake kwa shangazi yao. Afisa aliitisha kikao cha ukoo, shangazi akaja, na sasa watoto wote wawili wanaishi kwa bibi. Nyuzilandi iliingiza vikao vya familia vya namna hii katika sheria yake mwaka 1989. Sisi tumekuwa tukivifanya migombani, ila ofisi ndiyo iliyokuwa haijaalikwa, au haikutaka kuja.

Lawama yangu iliyobaki ni uhamisho, kwa kuwa afisa huyo ameshaondoka. Utafiti uliofanywa Milwaukee, Marekani, na kutolewa mwaka 2005, ulionyesha kwamba asilimia 74.5 ya watoto waliokuwa na afisa mmoja walipata makazi ya kudumu, dhidi ya 17.5 ya waliokuwa na wawili. Ni kweli kwamba shauri gumu huchukua muda mrefu na hivyo hupitia mikono mingi, lakini pengo hilo ni kubwa mno kulipuuza.

Afisa wa pili nampa nyota tano, ofisi tatu. Wa tatu amepiga simu kuuliza njia ya kufika kwa bibi.