Miche ya pesheni ya kubebesha: nyota moja, na hata hiyo nashindwa kuitoa

Kitalu hiki cha huku Lushoto kinajinadi kwa "miche ya kisasa, haikamatwi na mnyauko". Ni kweli pesheni ya zambarau hubebeshwa, yaani huungwa, juu ya shina la ya manjano, kwa kuwa ya manjano huvumilia mnyauko fuzari, ugonjwa wa fangasi wa udongoni, na ya zambarau haiuwezi. Sasa mtu mwenye akili anaungaje vidole viwili tu juu ya udongo? Mvua ikirusha matope au ukipalilia na kuinua tuta, zambarau inagusa ardhi, inaota mizizi yake, na fangasi wamefunguliwa mlango. Hela ya kubebesha imeliwa. Kiungo kikae juu, sentimita 20 na zaidi.

Nailoni ya kufungia nayo iliachwa. Imekaba shina hadi likavimba juu ya kiungo na gome likachanika.

Miche ikaanza kunyauka ikiwa imeshafika kwenye waya. Pasua shina kwa urefu: nje kijani kabisa, ndani mirija ina michirizi ya kahawia. Nikampelekea kipande muuzaji. Hakukigusa. "Dada, umemwagilia sana," huku ananisogezea pakiti ya dawa ya fangasi, metalaksili na mankozebu. Jamani! Metalaksili ni ya fitofthora, inayoozesha shingo ya mmea. Mankozebu hukaa juu ya jani, haiingii ndani. Fuzari yumo kwenye mirija. Hakuna cha kupuliza kitakachomtoa. Mche uliofika hapo unang'olewa na mizizi yake, unachomwa, na shimo hilo halirudishiwi pesheni, maana vijidudu vya fuzari hukaa udongoni miaka na miaka. Makasi ya kupogolea yachovywe kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, kila ukihama mche. Hayo ndiyo angeniambia, bure.

Haya, nisimwonee. Michache iliyoungwa juu imesimama kijani katikati ya mizoga, kwa hiyo ubebeshaji wenyewe unafanya kazi. Nilitaka kumpa nyota tatu. Halafu nikachungulia mikono ya kujishikia ya hiyo iliyostawi zaidi: ina wekundu. Ya zambarau huwa kijani tupu. Yaani machipukizi ya chini ya kiungo hayakuondolewa kitaluni, yamepanda na kuifunika zambarau, na nililolipia ni pesheni ya manjano kwa bei ya kubebesha!

Narudi kwenye nyota moja. Pakiti ya dawa ipo, haijafunguliwa, akaifuate.