Boti ya matanga ya kukodi Tudor: tangazo noti 9, baharini noti 4 na kitu

Haya, Jumamosi nlikodi ile boti ya faiba ya matanga hapa kriki ya Tudor, Mombasa, futi 24, elfu nane kwa masaa matatu na nahodha wao. Tangazo lasema yakimbia noti 9, yaani maili 9 za baharini kwa saa. Nlianza kucheka kabla sijapanda.

Sikizeni, boti nzito kama hii ina kiwango chake cha mwendo na hata uifunge mashini kubwa haivuki kirahisi. Wapima ule urefu unaogusa maji, sio wa juu omo (mbele) hadi tezi (nyuma), mie nlipima na kamba nkapata kama futi 20, watafuta kipeuo cha pili, yaani 4.5 hivi, wazidisha kwa 1.34, wapata noti 6 (za mwendo sio za benki), kama kilomita 11 kwa saa. Hapo wimbi la omo lishakuwa refu sawa na boti, omo iko juu tezi imekaa shimoni, ukizidi kusukuma wapanda mlima ulioujenga mwenyewe. Sasa 9 wameitoa wapi?

Tukatoka, Fort Jesus kuliani, kusi yatupiga usoni. Simu yasoma 3 na nusu. Kurudi na upepo nyuma 4.8, mara moja wimbi likatubeba ikaruka 6.3, sekunde mbili tatu ikashuka. Na aibu zaidi, ngalawa ya wavuvi ikatupita, tanga lake viraka vitupu! Lakini ngalawa nyembamba, haijengi wimbi la maana, hesabu ile haiibani sana.

Kilichokula mwendo kiko chini. Nlitia mkono ubavuni ndani ya maji nkatoka na mwani wa shibiri nzima, na vile vigamba vigumu vikanichana kidole. Wazee wetu walikuwa wakipweleza chombo mchangani, wakakikwangua, wakakipaka deheni (mafuta na chokaa), hawa wangoja nini sijui. Tanga nalo limelegea kama shuka la kuanikwa.

Mengine sawa, jaketi za kuokolea mpya na mahamri yalikuwa moto. Nyota 3, wakiikwangua ntarudi.

Nlimuonyesha nahodha simu, akaitazama weee, akanambia, "Mwanangu, hizo 9 ni pamoja na mashini."