Kitalu cha Njia ya Gede: Maua ya Kudumu kwa Ua Unaopigwa na Jua la Alasiri

Wenye nyumba za Malindi ambazo ua wake unatazama bara wanalijua vyema tatizo hili. Asubuhi jua huchomoza upande wa bahari na nyumba yenyewe huutia ua kivuli, lakini kuanzia saa nane mchana hadi magharibi mwanga wote huangukia ua huo, wakati ambapo hewa imekwisha kupata moto na ukuta wa mawe ya matumbawe unarudisha joto ulilolimeza tangu adhuhuri. Ua linaloishi miaka mingi katika bustani ya asubuhi huweza kufa hapo kabla ya kaskazi moja kwisha.

Kitalu ninachokitathmini kiko kando ya barabara itokayo Malindi kwenda Gede. Hakina kibao cha jina, na wanaokijua huelekezana kwa mwarobaini mkubwa uliosimama mlangoni. Ninakipendekeza kwa sababu moja ambayo kwangu inazidi nyingine zote: miche yake huzoeshwa jua kabla ya kuuzwa.

Vitalu vingi hukuza miche chini ya wavu wa kivuli, na hilo lenyewe si baya, kwa kuwa kipandikizi kichanga hakina mizizi ya kutosha kurudisha maji yanayopotea majanini. Madhara huja pale mche unapotolewa kivulini na kuuzwa siku hiyo hiyo kwa mtu atakayeupanda mbele ya ukuta wa magharibi, kwani majani yaliyokulia kivulini ni laini mno na hubabuka upesi. Katika kitalu hiki miche huanzia chini ya makuti, kisha husogezwa mahali panapopata jua la asubuhi peke yake, na mwishowe hupangwa katika mstari ulio wazi kabisa, unaoelekea bara. Nilipouchagua mche wa asmini uliokuwa bado chini ya makuti, mzee wa kitalu alikataa kuniuzia. "Huo bado, mama," alisema, "uache kwanza ulizoee jua." Mfanyabiashara anayekataa fedha kwa ajili ya mche anastahili kusifiwa waziwazi.

Maswali yake nayo ni ya mtu anayeijua kazi. Kabla ya kuniuliza ninapenda rangi gani, aliniuliza jua linanipiga saa ngapi na kama maji yangu ni ya mfereji au ya kisima. Swali hili la pili lina uzito mkubwa hapa pwani, kwa sababu visima vingi vina maji ya chumvichumvi, na bustani inayokauka kwa jua la alasiri humwagiliwa mara nyingi zaidi, hivyo chumvi hujilimbikiza udongoni na kuunguza kingo za majani. Kwa mwenye kisima cha namna hiyo anapendekeza bogenvilia na franjipani, ambazo huistahimili chumvi kuliko asmini.

Bogenvilia zake ndizo bora kuliko mimea yote niliyoiona hapo. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, nao hupenda jua kali na udongo usiotuamisha maji. Ukinyweshwa kupita kiasi hutoa majani tele na maua machache. Rangi tunazozisifu kwa kweli ni za majani maalumu yanayolizunguka ua dogo jeupe, na ndiyo maana hudumu kwa wiki nyingi bila kunyauka. Vinka, iliyotoka Bukini, yaani Madagaska, inauzwa kwa shilingi 50, na kwa bei hiyo sioni ua lingine la kudumu linaloujaza ukingo wa njia vizuri zaidi, mradi mizizi yake isikae majini. Adenium, ambayo ni mmea wa Afrika Mashariki hasa, huhifadhi maji katika shina lake nene na haijali ukame wa Januari na Februari. Asmini huhitaji uangalizi zaidi: hulipenda jua, lakini mizizi yake itake isitake lazima ifunikwe kwa matandazo, na makumbi ya nazi yanafaa sana kwa kazi hiyo. Hutoa maua kwenye matawi mapya, hivyo ipogolewe kila inapomaliza msimu wa maua, na mwenye kupenda makoja na vikuba atavuna vya kumtosha.

Nina malalamiko mawili. La kwanza ni iksora, ambayo kitalu kinaiuza kwa kila anayeitaka bila kumwuliza habari ya udongo wake. Udongo wetu uliotokana na matumbawe una chokaa nyingi, na chokaa huyazuia madini ya chuma yasifyonzwe na mizizi. Majani ya iksora hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, na mnunuzi hudhani ni kiu, akazidisha maji bila faida. Mmea huu ungeuzwa pamoja na ushauri wa kuupanda katika chungu chenye mboji nyingi. La pili ni zito zaidi. Oleanda, adenium na hata vinka zina sumu zikiliwa, na oleanda inaweza kuua mtu au mbuzi, lakini hakuna aliyenitahadharisha hadi nilipouliza mwenyewe. Katika mji ambao mbuzi hupita kila uchochoro na watoto huchezea uani, onyo hilo lilipaswa kutangulia bei.

Miche haina vibandiko vya majina, hivyo ni vyema mnunuzi afike na kalamu. Bei hutajwa kwa mdomo na hupungua kwa mwenye kuchukua miche mingi. Asmini iliyokwisha kukomaa niliipata kwa shilingi 250, ambayo ni bei ya haki. Wakati mzuri wa kununua ni mwanzo wa masika, mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, ili mizizi ishuke wakati udongo ungali na unyevu na mche uwe umejishika kabla ya joto la kaskazi. Anayenunua Desemba ajiandae kumwagilia alfajiri kwa maji mengi yanayofika chini, si kunyunyizia kidogo kidogo mchana, na amweleze mzee ukweli kuhusu ukuta wake, kwa kuwa miezi hiyo hata miche iliyozoeshwa huhitaji kuti moja la kuikinga alasiri kwa wiki za mwanzo. Makuti hayo huyatoa bure, na tuktuk za kubebea miche hupatikana hapo hapo barabarani.